Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Mfano wa Udongo hadi Sanamu Kubwa

Ndugu wanachama,

Mwaka huu karakana yetu imejikita katika kazi moja: kuuchukua mfano mdogo uliofinyangwa kwa mkono, kuuingiza kwenye kompyuta, kuukuza na kuuandaa kwa kusubu shaba nyeusi. Kukuza mifano si jambo geni. Mchongaji Mfaransa Auguste Rodin alimtegemea fundi Henri Lebossé, aliyezikuza na kuzipunguza kazi zake kwa mashine.

Programu ya kompyuta hulijenga umbo la mfano kutokana na picha nyingi, na kasoro nyingi huanzia kwenye picha hizo. Mzungukeni mfano kwa kamera, kila picha ikirudia walau asilimia 60 ya picha iliyotangulia, katika mwanga laini usio na vivuli vikali. Udongo mbichi unaometa huipotosha programu, kwa kuwa mng'aro huhama pamoja na kamera. Umbo hutoka na mabonde yasiyokuwepo. Poda kidogo iliyopakwa kwa brashi laini huondoa tatizo hilo. Mkitumia meza ya kuzungusha, ukuta wa nyuma usiwe na alama yoyote, la sivyo programu itaufuata ukuta badala ya sanamu. Wekeni rula kando ya mfano, maana picha peke yake haisemi kitu kina urefu gani.

Faili la STL, yaani faili la umbo linalotoka kwenye programu, nalo halibebi kipimo: namba zilizokusudiwa kuwa milimita zikisomwa kama inchi, kazi hukua mara 25.4.

Kwenye kukuza ndipo penye uamuzi wa mchongaji hasa. Mfano wa sentimita 30 ukifanywa mita 3, alama ya kidole yenye kina cha milimita 1 huwa shimo la sentimita 1. Sanamu isiyo na uwazi ndani huongezeka uzito mara 1,000, ilhali eneo la mkato wa kifundo cha mguu kinachoibeba huongezeka mara 100 tu. Kwa hiyo kifundo kinenepeshwe, au kitiwe chuma ndani. Kabla ya kuchonga povu gumu lote la sanamu kubwa, chapisheni kwa printa ya 3D kipande cha uso kwa ukubwa kamili mkitazame kutoka chini, mahali atakaposimama mtazamaji. Kisha rudini na patasi na nta: mashine hulainisha kingo ambazo mkono ulizikusudia ziwe kali.

Shaba nyeusi hunywea takriban asilimia 1.5 hadi 2 ikipoa, na nta hunywea pia. Waulizeni mafundi wa kusubu kiwango chao kabla ya kuchapisha. Plastiki ya PLA, inayotumiwa na printa za 3D, hulegea karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, basi isiachwe juani. Na ikichomwa ndani ya kalibu ili iiachie shaba nafasi, bila hewa ya kutosha, majivu yake hutoboa uso wa shaba.

Kamati inapendekeza kwamba mwakani kila faili linaloletwa karakana liambatane na picha yenye rula na kipimo kilichoandikwa. Mfano wa asili usivunjwe hadi sanamu iishe kusubiwa na kukaguliwa.