Jeshi la Sudan: barua kwa rafiki

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimefurahi kusikia kwamba nyote nyumbani hamjambo. Umeniandikia kwamba katika Sudan ya leo jeshi ndilo nguzo pekee iliyobaki, na kwamba kila mpenda amani hana budi kuliunga mkono. Mimi naona sivyo, na ningependa unisikilize hadi mwisho.

Nchi ile ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na haikutimiza hata miaka mitatu kabla Jenerali Ibrahim Abboud hajatwaa madaraka, Novemba 1958. Linaloniuma ni kwamba aliyemfungulia mlango alikuwa Waziri Mkuu Abdallah Khalil mwenyewe, ambaye alipoona kiti chake kinayumba aliona heri awaachie wanajeshi kuliko wapinzani wake. Tangu hapo wanasiasa hawajakoma kuliita jeshi liwasaidie. Wakomunisti walimuunga mkono Kanali Jaafar Nimeiry alipopindua serikali mwaka 1969, na miaka miwili baadaye viongozi wao wakanyongwa. Hassan al-Turabi, kiongozi wa chama cha Kiislamu, alikuwa nyuma ya mapinduzi ya Omar al-Bashir mwaka 1989, kisha Bashir huyo huyo akamfunga. Jenerali Suwar al-Dahab, aliyeshika nchi mwaka 1985 na kuikabidhi kwa serikali iliyochaguliwa mwaka uliofuata, hakupata mrithi wa mfano wake.

Bashir, kwa kuwa alijua njia aliyopitia yeye, alilihofu jeshi lake. Wanamgambo wa Janjawidi, waliopewa silaha Darfur, magharibi mwa nchi, kuanzia mwaka 2003, alikuja kuwaunda rasmi mwaka 2013 kuwa kikosi cha RSF (Rapid Support Forces, yaani Kikosi cha Msaada wa Haraka) chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, yule Hemedti aliyekuwa mfanyabiashara wa ngamia, ambaye baadaye alihodhi machimbo ya dhahabu ya Jebel Amer. Jeshi nalo lilikuwa na kampuni zake, za silaha, nyama, unga hata gundi ya Kiarabu, na mwaka 2020 Abdalla Hamdok, waziri mkuu wa kiraia baada ya Bashir kuangushwa, alilalamika hadharani kwamba asilimia 80 ya rasilimali za umma haziko mikononi mwa wizara ya fedha. Majenerali wenye mali kiasi hicho, wataiachiaje serikali ya kiraia iwakague?

Unakumbuka Aprili 2019, umati ulipopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum kumtaka Bashir aondoke, na askari wa vyeo vya chini wakatoka kuwakinga raia dhidi ya risasi za watu wa usalama wa taifa? Wengi walilia kwa furaha siku zile. Lakini alfajiri ya tarehe 3 Juni, Ramadhani ikiwa ukingoni, kambi ile ilivamiwa, na waliokimbilia malango ya makao makuu wakayakuta yamefungwa. Siku chache baadaye miili ikaopolewa kutoka Mto Nile. Kwangu mimi, malango yale yalijibu hoja yako.

Yaliyofuata unayajua: mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, na Hemedti walishirikiana kuipindua serikali ya Hamdok tarehe 25 Oktoba 2021, kisha wakagombania muda wa kuiingiza RSF jeshini, Burhan akitaka miaka 2 na Hemedti 10, hadi vita vikalipuka tarehe 15 Aprili 2023 na wanafunzi wetu Watanzania wakalazimika kutoka Khartoum kwa njia ya Ethiopia. Zaidi ya watu milioni 10 wameyahama makazi yao.

Najua utaniuliza juu ya miji ya Darfur: El Geneina, ambako RSF iliwaua watu wa kabila la Masalit, na El Fasher iliyoanguka mikononi mwa RSF Oktoba 2025 baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka mzima. Unyama wa RSF siupunguzi hata chembe, na simlaumu mama wa Kimasalit anayemwombea dua askari yeyote anayepigana nao. Ila jeshi linalopigana nao leo ndilo lililowalea, na bado halijaacha desturi hiyo. Abu Aqla Keikal, aliyekuwa kamanda wa RSF katika jimbo la Gezira, alihamia upande wa jeshi Oktoba 2024, na jeshi likampokea pamoja na wapiganaji wake, wakiwa na silaha zao na yeye akiwa bado kiongozi wao.

Nisalimie mzee na wote nyumbani. Nasubiri jibu lako.

Wasalaam,
Nduguyo Idrisa