Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mkutano Mkuu, Dodoma

Ndugu wanachama, salaam.

Mwaka huu chama chetu cha wanafunzi wa udaktari kimepokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tumechangia damu, tumecheza bonanza na kupima presha Soko la Majengo. Hayo mnayafahamu.

Niende kwenye jambo lililoleta maneno: kamati kufuta semina ya siku moja hotelini, na fedha zake kununua wanasesere wawili wa mazoezi ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, pamoja na ambu (mfuko wa kubana kwa mkono kusukuma hewa kifuani) na barakoa zake za kufunika mdomo na pua ya mtoto. Imesemwa niliamua peke yangu. Si kweli, kikao kilikaa na muhtasari anao Katibu. Wazo nililileta mimi, na bado nalisimamia.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo hayo kwa siku moja. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri; chumba cha kujifungulia hali ikabaki ileile. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua baadaye, mazoezi yalipokuwa mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Sisi kwenye raundi za wodini tunajazana kitanda kimoja, anayemgusa mgonjwa ni aliyewahi mbele. Mtu anamaliza rotesheni (zamu yake ya kujifunza) wodi ya uzazi hajashika ambu, kisha akienda intanshipu, mafunzo ya kazi baada ya kuhitimu, anaachiwa zamu ya usiku.

Nimeona mwaka wa nne, wenye alama nzuri za mtihani, wanabana ambu na kifua hakinyanyuki: shingo imekunjwa, hewa inavujia shavuni. Wakiweka kichwa sawa, gumba na kidole cha shahada vikikandamiza barakoa, vingine vikinyanyua kidevu, kifua kinapanda. Hilo halifundishwi kwa slaidi. Walioita vifaa hivi midoli, naomba waje wavishike kwanza.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Kila Jumatano, siku ya mazoezi ya vifaa hivi, wanakuja sita, saba, walewale. Na baadhi ya wanaohoji matumizi hawajalipa ada! Kati ya wanachama 186, waliolipa 10,000 ni 74, jumla shilingi 740,000. Vifaa 615,000, usafiri na uchapaji 88,000, salio 37,000. Mweka Hazina anazo risiti zote. Nimemfuata mtu mmoja mmoja mabwenini, naambiwa subiri bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi.

Mwakani, Mungu akijalia, tungependa kupata mwanasesere wa mtu mzima, na tuzungumze na madaktari wetu watusimamie Jumatano hizo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti