Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Mombasa: waondolee watoto wa chekechea nyota za dhahabu

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Mji wa Kale. Mimi ni mpambaji wa maharusi. Hina na piko ndizo zinazonilisha. Saikolojia niliisoma chuoni kabla sijashika kazi hii, na haijanitoka. Ndiyo maana nakuandikia kuhusu jambo litakaloonekana dogo likifika mezani pako: zile stika za nyota wanazobandikwa watoto wa chekechea.

Sikuandika Nairobi, nimekuandikia wewe, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kwa shule za msingi tunaweza kurushiana lawama na serikali kuu mpaka jua litue. Chekechea ni zako.

Nilikwenda kumchukua mpwa wangu mapema siku moja, nikaketi nyuma ya darasa. Shule sitaitaja, maana si yao peke yao. Mwalimu aligawa karatasi zenye samaki aliyekwisha kuchapishwa, magamba na mapezi yote tayari. Kazi ya mtoto ilikuwa kujaza bluu bila kuvuka mstari. Aliyefaulu alibandikwa nyota kwenye paji la uso. Msichana mmoja aligeuza karatasi yake akachora feri ya Likoni upande wa nyuma: mlango wa chuma umeshushwa, watu wamesongamana kama kawaida yetu, na gari moja jekundu linaelea majini peke yake. Mwalimu aliitazama, akairudisha upande wa samaki. Nyota hakupata. Mpwa wangu naye, tangu nyota zianze, nikimpa krayoni nyumbani huuliza kwanza atapewa nini.

Mwalimu simlaumu. Ana darasa limejaa, mkaguzi anataka kuona kazi iliyokamilika, na sisi wazazi tunataka kitu cha kubandika ukutani sebuleni.

Swali la mpwa wangu lilishafanyiwa utafiti zamani. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe likichora. La pili halikuahidiwa chochote, ila lilipomaliza likapewa cheti kile kile kwa ghafla. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu za rangi zikawekwa darasani wakati wa kucheza, bila amri wala ahadi. Waliochora kwa kuahidiwa cheti sasa walizishika kalamu zile kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Na hata siku ya zawadi yenyewe, picha walizochora zilikuwa hafifu zaidi. Waliopewa kwa ghafla hawakudhurika, kwa hiyo ubaya haukuwa kwenye cheti bali kwenye kuahidiwa.

Najua wasaidizi wako watasema hilo ni jaribio moja la wazungu. Si moja. Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya majaribio 128 wakayapima pamoja. Zawadi ya kushikika, mtu akiahidiwa kabla ya kazi, ilipunguza hamu yake ya kurudia kazi hiyo kwa hiari, na watoto waliumia zaidi kuliko wanafunzi wa chuo. Wapo wataalamu waliobisha, akina Judy Cameron, na wana hoja: kazi ikiwa inachosha tangu mwanzo, zawadi haina cha kuharibu. Sawa. Kumpa mtoto peremende akusanye takataka uwanjani sina neno nalo. Lakini nani aliwahi kumlazimisha mtoto wa miaka minne kuchora?

(Na tafadhali, asije mtu wa fedha akaisoma barua hii akasema basi mishahara ya walimu wa chekechea nayo itaua moyo wa kazi. Mkono mtupu haulambwi. Mshahara ni haki ya mtu, haufanani hata kidogo na nyota ya kutegeshea watoto.)

Aliyenifungua macho zaidi ni Teresa Amabile, mwanasaikolojia aliyefundisha miaka mingi katika Shule ya Biashara ya Harvard, na ambaye kazi yake kubwa ni ubunifu: unatoka wapi, unauawa na nini. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1985 aliwaita waandishi 72, wakaandika shairi fupi. Kisha baadhi yao wakapewa orodha ya sababu za kuandika waipange kwa uzito, nayo ilikuwa na sababu za nje tu: pesa, sifa, kuwapendeza wakubwa. Wengine walipewa sababu za ndani, kama raha ya kucheza na maneno. Dakika chache tu hizo. Wakaandika shairi la pili, na washairi wasiojua nani ni nani wakayapima. Mashairi ya waliofikirishwa pesa na sifa yalishuka ubunifu. Hakuna aliyelipwa zaidi wala kutishwa, walikumbushwa tu.

Baadaye, mwaka 1993, yeye na wenzake waliwaomba wachoraji na wachongaji 23 walete kazi kumi za kuagizwa na mteja na kumi walizozifanya wenyewe. Waamuzi hawakuambiwa ipi ni ipi. Kwa ustadi wa mkono zote zilikuwa sawa. Kwa ubunifu, zile za kuagizwa zilibaki nyuma, hasa pale msanii alipojiona amefungwa. Mimi sikuhitaji waamuzi. Bibi harusi akija na picha kwenye simu, "nataka hivi hivi, usiongeze wala usipunguze," namtolea hivyo hivyo, mstari hautetemeki, pesa napokea. Lakini ua linaloanzia kwenye kiganja likapinda kwenye kidole gumba, ambalo sasa wengi wananiombea, lilizaliwa siku ambayo mama mmoja wa Kibokoni aliniambia, "Mwanangu, mikono hiyo hapo, nakuachia." Malipo yalikuwa yale yale.

Sasa nikuguse wewe kidogo, Mheshimiwa, nawe nivumilie. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Adam Galinsky na wenzake waliwataka watu waandike herufi E kwenye paji la uso wao wenyewe. Baadhi walikuwa wametoka kukumbuka siku waliyokuwa na mamlaka juu ya mwingine. Hao, karibu mara tatu zaidi ya wenzao waliokumbuka siku walipokuwa chini ya mamlaka ya mwingine, waliiandika E inayosomeka kwao wenyewe, na iliyogeuka kwa anayewatazama: mamlaka iliwasahaulisha jicho la mwingine. Galinsky huyo huyo na wenzake walionyesha mwaka 2008 upande wa pili wa mamlaka: mwenye nayo hafungwi sana na mifano anayowekewa mbele, anabuni chake. Kwa hiyo mamlaka si sumu. Tatizo langu ni kwamba darasani yote yako upande mmoja. Aliyeamua kwamba picha iwe ya samaki hayupo pale, na msichana wa feri hana hata uwezo wa kuchagua upande wa karatasi.

Mtaala wa umilisi unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa msingi, kwa hiyo sikuombi jambo geni. Naomba fedha zinazonunua vitabu vya picha za kujazia rangi zinunue karatasi tupu na krayoni kwa wingi. Siku ya kufunga muhula, zawadi za usafi na mahudhurio ziendelee ukipenda, ila uchoraji na ngonjera viondolewe kwenye mashindano. Fomu ya mkaguzi isihesabu karatasi zilizofanana. Na ukiwaita walimu wa chekechea kujadili haya, usifungue kikao wewe. Wakianza kukusikia, watakupa majibu ya kukupendeza. Waache waseme kwanza, nawe uje umekaa kiti cha nyuma.

Siku ya maoni ya umma kuhusu bajeti nitakuja, mikono yangu ina piko, utanijua. Nitauliza fungu la karatasi tupu lina shilingi ngapi.

Wako,
Mpambaji wa maharusi, Mji wa Kale