Rehema, ungelala humo?

Mafinga, Julai

Rehema dada yangu,

Kamwene! Najua huko Masasi hakuna wa kukusalimia hivyo, basi ipokee hii ikusogeze siku mbili tatu. Sisi wazima, ila baridi la mwaka huu halina adabu. Nakuandikia nimevaa makoti mawili na miguu iko karibu na jiko. Mama Salome anasalimu na anaulizia korosho zake. Nimemwambia msimu bado. Hakuniamini, anasema unazificha.

Kimya changu usikiweke moyoni. Nina shida, na mtu wa kunisaidia ni wewe.

Unakikumbuka kile kituo cha afya cha mbao nilichokudokezea kwenye msiba wa Babu? Mchoro wake umefika mkutano wa kijiji, na mkutano umenitoa jasho pamoja na baridi lote hili. Nilibeba benchi la mfano, la paini, watu walione na walishike. Mbao nilinunua kwa muuzaji aliyeniapia kwa mama yake kwamba zimekauka. Wiki mbili karibu na jiko langu, benchi likajipinda, mguu mmoja ukawa haugusi chini. Nikasema hawataona. Mzee wa kwanza kukalia, benchi likayumba kama mtumbwi. Akainuka taratibu, akajifuta suruali, akauliza, "Wagonjwa wetu mnawajengea banda la kuku?"

Watu walicheka mpaka mtendaji akagonga meza.

Nikajitetea. Nikaanza na moto, maana nilijua watauliza. Nikawaambia boriti nene haiungui kama kuni za jikoni: inajifunika mkaa kwa nje, na ule mkaa unauchelewesha moto kuingia ndani. Kwa paini ni kama milimita 0.65 kwa dakika, nusu saa sentimita mbili hivi. Kwa hiyo unaichora nene kuliko mzigo wake unavyotaka, na ile ziada ndiyo ya kuungua watu wakitoka. Mama mmoja nyuma akasema, "Kumbe umeshapanga iungue!" Hapo nikahamia kwenye mchwa.

Mchwa nao walinipa nafuu kidogo. Msingi wa zege unainuliwa nusu mita, juu yake linalazwa bati linalochomoza ukingoni, ili mchwa akitaka kupanda ajenge njia yake ya udongo hadharani na mlinzi amwone. Dawa ni suala jingine, na hapa nataka unisikilize kama muuguzi. Ile ya kijani wanayopigia nguzo za umeme ina shaba, kromi na aseniki. Kwa nguzo ya nje sawa, lakini ndani ya wodi, mahali mtoto anaposhika ukuta kisha anajilamba vidole, sitaki hata kuisikia. Ndani nitatumia dawa ya boroni. Kasoro yake inaoshwa na mvua, kwa hiyo paa lazima litoke nje zaidi ya mita moja. Mwenyekiti aliona bati za kuongeza, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Na kwa nini mbao? Rehema, tumekaa mlangoni pa shamba la miti la Sao Hill. Malori ya mbao yanatupita usiku na mchana kwenda Dar, halafu sisi tunakata miti yetu kuchoma tofali. Tanuri lile pale kwa Kipara limekula kuni siku ngapi? Mti ule ule tunaukubali ukiwa moshi, ukiwa ukuta tunauita banda. Mita moja ya ujazo ya paini kavu imefungia ndani yake kaboni ya zaidi ya kilo 700 za hewa ukaa, na inakaa humo maadamu nyumba imesimama. Hili sikulisema mkutanoni. Ningezomewa.

Nilichowasimulia ni Butaro, ile hospitali ya Rwanda iliyofunguliwa 2011. Kuta zake ni za mawe ya volkano, yale yale yaliyokuwa kero mashambani, na leo watu wanasafiri kwenda kuyatazama. Vitanda wamevipanga katikati ya wodi, mgonjwa akilala anatazama dirishani. Mzee yule wa benchi akajibu, "Huko walijenga kwa mawe."

Basi nilidhani yameisha. Nafunga benchi kwenye bodaboda, mzee huyo kaja, kaikunja ramani yangu vizuri kuliko ninavyoikunja mimi. Akasema, "Kijana, nimeisoma. Wodi mbao. Kliniki ya watoto mbao. Nyumba ya mganga tofali. Sasa nani anaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Chumba cha kujifungulia na maabara nimeviweka vya tofali na vigae, hilo naweza kulitetea, kuta zile zinamwagiwa jiki kila siku. Lakini nyumba ya mganga? Niliinakili tu kutoka ramani ya zamani, wala sikuifikiria. Hebu fikiria, mimi ndiye nawahubiria.

Kwa hiyo nimeirudia ramani. Nyumba ya mtumishi itakuwa ya mbao, na itatangulia wodi, ili wamwone mganga anaingia na godoro lake kwanza. Mbao nitazikausha mwenyewe kivulini, hata ikinichukua miezi, zifike unyevu wa asilimia 15. Muuzaji yule hanipati tena.

Sasa maswali, na unijibu kama umelewa, yaani bila adabu. Wewe ungelala humo? Kweli, si kunifurahisha. Usiku ukigongewa kuna mama mwenye uchungu, nyumba ya mbao ingekutia hofu? Na kelele? Jirani akikohoa utasikia, nafikiria kujaza maranda katikati ya kuta ila naogopa panya. Mwongozo wa WHO wa 2009 unataka hewa lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa wodini. Lakini huku Julai nani anaacha dirisha wazi? Kule Njombe mlikuwa mnafanyaje, mlifunga yote? Ndoo ya kondo la nyuma mnaiweka wapi kabla ya kutoka nayo, na je, mlango wa nyuma unaopita mbele ya ndugu wanaosubiri si aibu? Nimeuchora hapo, naona nimekosea. Na kinamama wenyewe wanapenda kutazama nje, au wanataka pazia tu?

Jibu kabla ya tarehe 20, ndiyo siku ya mkutano wa pili. Ukituma kwa dereva wa basi mwambie asiikalie.

Benchi lipo. Mama Salome analiwekea ndoo za maji, chini ya ule mguu ameweka jiwe.

Ni mimi kaka yako,
Ezekia

N.B. Korosho, tafadhali. Hanipi amani.