Mheshimiwa Waziri, mtambo wa majitaka haukaguliwi kwa chupa moja

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: MASHARTI YA KIBALI CHA KUMWAGA MAJITAKA

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu zangu za heshima. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa kuendesha mitambo ya kusafisha majitaka hapa Dar es Salaam. Nimefanya kazi hii kiwandani, nikaifanya hotelini, na sasa naangalia mtambo mdogo wa jengo la makazi. Ninaishi Tabata, si mbali na Mto Msimbazi. Kosa linalotokea mtamboni asubuhi naweza kukutana nalo jioni nikirudi nyumbani, likiteremka na mto kuelekea Jangwani na Daraja la Salender. Kandokando ya mto huo kuna watu wanaomwagilia mchicha na matembele, na mboga hizo tunazinunua sokoni sisi sote.

Ombi langu ni moja nami nalitanguliza. Vibali vya kumwaga majitaka hutolewa na bodi za maji za mabonde. Kwetu huku ni Bonde la Wami/Ruvu. Naomba kila kibali kiwe na sharti kwamba mtambo una daftari la kila siku na mtu aliyefundishwa kulijaza, na kwamba mkaguzi akifika aanze kulisoma daftari hilo kabla hajachota sampuli.

Nieleze kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Ukaguzi ulipokaribia, habari zilitufikia mapema. Bosi akaniambia, "Fundi, hakikisha maji yanang'aa." Tukapunguza maji yanayoingia, tukaongeza shabu kwenye tangi la mwisho, tukamwaga klorini. Mkaguzi akachota chupa yake, akasaini, akaondoka. Kiwango cha nchi kinataka maji yanayotoka yasizidi miligramu 30 kwa lita za ile oksijeni ambayo vijidudu wataitumia kwa siku tano, na chembechembe zisizidi miligramu 100. Chupa ile sina shaka ilifaulu. Wiki hiyo hiyo, usiku, tope lote la kwenye tangi la kutulizia, pale linapotakiwa kushuka chini ili maji yatoke masafi, lilinyanyuka likatoka na maji hadi mtaroni. Niliona kwa tochi ya simu. Hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa kuhusu usiku ule. Mimi mwenyewe sikuandika, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Laiti tungekuwa tunapima kila siku, tungelijua siku kadhaa kabla.

Aliyenifundisha kupima ni mzee mmoja ambaye sasa amestaafu. Kila asubuhi nikishamwamkia, ananikabidhi silinda ya kioo ya lita moja. "Mwanangu, kachote kwenye tangi la hewa, uiweke hapa kivulini, ukae nayo dakika 30. Chai baadaye." Tangi la hewa ndimo vijidudu wanamolia uchafu, na tope ndilo wao wenyewe wakiwa wameshikana. Tope lenye afya ni la kahawia, linashikana mapande kama mtindi, linashuka taratibu na kuacha maji maangavu juu. Dakika 30 zikiisha unasoma limefika wapi, kisha unagawanya ujazo huo kwa gramu za tope kavu zilizomo kwenye lita. Ikizidi mililita 150 kwa gramu, tope limeanza kuvimba na ni wakati wa kutafuta chanzo.

Kuvimba na kuelea ni magonjwa mawili, na hapa ndipo mafundi wengi tunapojikwaa, kwa sababu dalili inayoonekana kwa macho ni ile ile: tope linatoka juu ya tangi. Tope lililovimba, ukilitia kwenye silinda, halishuki au linashuka kwa shida. Bakteria wenye umbo la nyuzi wamezidi, nao hulizuia lisishikamane, likabaki limetutumka kama sufi ndani ya mto wa kulalia. Mara nyingi chanzo ni hewa kidogo tangini. Mara nyingine ni maji ya kiwandani yenye sukari na wanga tele lakini naitrojeni na fosforasi haba. Hesabu tunayoifuata ni 100 kwa 5 kwa 1: kwa kila sehemu 100 za chakula cha vijidudu, naitrojeni 5 na fosforasi 1. Ndiyo maana kiwanda cha vinywaji huenda kikalazimika kutia yurea, mbolea ile ile anayoijua mkulima.

Tope linaloelea lina kisa kingine kabisa. Kwenye silinda linashuka vizuri, dakika 30 zinaisha na wewe umefurahi. Liache hapo saa moja au mbili, utaliona linapanda lote juu kama andazi kwenye mafuta. Likoroge kwa kijiti: vipovu vinatoka, linazama tena. Vipovu hivyo ni gesi ya naitrojeni. Kwenye tangi la hewa vijidudu wamegeuza amonia kuwa naitreti. Tope likakaa mno chini ya tangi la kutulizia mahali pasipo na hewa. Vijidudu wengine wakaichukua oksijeni iliyomo kwenye naitreti na kuiacha gesi. Dawa yake ni kulirudisha tope haraka kwenye tangi la hewa na kutoa lile lililozeeka. Fundi asiyepima, akiona tope linatoka, huongeza hewa. Kama limevimba huenda akasaidia. Kama linaelea, anazidisha naitreti, na kesho yake hali ni mbaya kuliko jana.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Miongozo mingi tunayoisoma iliandikwa kwenye nchi za baridi. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu, na wakati huo huo vijidudu wanakula kwa kasi zaidi. Januari na Februari hapa Dar, tope lililosahauliwa chini ya tangi halisubiri. Fundi wetu anahitaji namba alizozipima yeye mwenyewe, kwenye tangi lake, msimu huu.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Blowa, mashine ya kupulizia hewa tangini, ndiyo inayokula umeme kuliko kitu kingine kwenye mitambo ya namna hii, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuzimwa. Nimewahi kuamriwa kuizima saa nne usiku na kuiwasha alfajiri, kila siku. Ipo mitambo iliyosanifiwa kupumzisha hewa kwa vipindi vifupi, na hiyo ni njia halali. Saa saba mfululizo ni kuwakaba vijidudu roho, wakati wanahitaji kama miligramu 2 za oksijeni kwa kila lita. Asubuhi tope ni jeusi, mtaa mzima unanuka yai viza, wapangaji wanapiga simu. Mwenye jengo amehesabu yuniti alizookoa. Gari la kunyonya majitaka atakaloliita mwezi ujao hajalihesabu. Daftari lenye safu ya saa za blowa lingelionyesha hilo kwa mkaguzi kwa dakika moja.

Povu nitalipitia haraka. Jeupe na jepesi ni dalili ya tope changa au sabuni nyingi; la kahawia, zito, lenye mafuta, mara nyingi ni tope lililozeeka; la rangi ya giza na harufu mbaya, hewa imekosekana. Wengi hulipiga maji ya mpira likatoweka, na chanzo kikabaki pale pale.

Upande wa kemikali, shabu ndiyo inayotumika vibaya kuliko zote. Bibi zetu waliitumia kutulizia maji ya mtungini, kwa hiyo kila mtu anaamini anaijua. Shabu hula alkalini, yaani kinga ya maji dhidi ya asidi, na kuishusha pH, kile kipimo ambacho namba yake ikishuka asidi imezidi. Ikishuka kupita kiasi, uchafu haushikani tena. Fundi anaona maji bado machafu, anafungua mfuko mwingine, na anazidi kuharibu. Tiba ni makopo sita ya kioo yenye maji yale yale na dozi tofauti. Unakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole kwa dakika 15 au 20, unaacha yatulie, unatazama kopo gani limeshinda. Siku tulipofanya hivyo hotelini tuligundua kwamba dozi yetu ya kila siku ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoshinda.

Kwenye karakana za kupaka kromu, kosa ni kukimbilia chokaa. Kromu ile ya manjano lazima kwanza ibadilishwe kwa kemikali yake ndani ya maji yenye asidi, pH 2 hadi 3, ndipo chokaa ifuate na kuigandisha. Ukianza na chokaa, kromu inapita hivyo hivyo. Na hata ikishabadilishwa, chokaa ikizidi huiyeyusha upya, kama inavyoiyeyusha zinki. Maji hayo yanaweza kuonekana masafi kabisa kwa macho.

Mabwawa kama ya Vingunguti hayana blowa. Jua na mwani ndio wanaofanya kazi. Nayo yanafaa kuandikiwa daftari. Bwawa la kijani liko salama. Likigeuka waridi au zambarau, bakteria wa salfa wameshika nafasi ya mwani na mzigo wa uchafu umezidi. Anayeandika rangi kila asubuhi atajua ni siku gani ilibadilika na magari yapi yalimwaga siku hiyo.

Liko jambo moja ambalo nataka liwe ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, Mheshimiwa. Kila fundi anaijua harufu ya yai viza. Wachache wameambiwa kwamba gesi ile ikiwa nyingi, pua huacha kuinusa. Kijana anachungulia chemba, harufu imekata, anadhani hewa ni nzuri, anashuka. Anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye habanduki. Amri iandikwe kwa herufi kubwa: hakuna kushuka chembani bila kupima gesi, bila mkanda na kamba, bila mtu aliyebaki juu.

Vifaa vya sharti ninaloliomba ni vichache: silinda, saa, kipimo cha pH, kipimo cha oksijeni, daftari na kalamu. Kwa mafunzo, Chuo cha Maji kiko hapa hapa Ubungo, chini ya wizara yako, na kozi fupi ya waendeshaji wa mitambo midogo ingetupokea sisi tuliojifunzia kazini. Daftari lioneshe kipimo cha dakika 30, oksijeni, pH, rangi na harufu, saa za blowa, saa umeme ulipokatika, kiasi cha tope lililotolewa na kemikali zilizotiwa. Fundi anayeandika ukweli asifukuzwe kwa kuuandika. Hilo nalo liwe ndani ya sharti, kwa sababu bila kinga hiyo tutaletewa madaftari yaliyojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja.

Langu la mwaka huu liko wazi kwa mkaguzi yeyote, siku yoyote, bila taarifa. Zimo siku tano ambazo maji yetu hayakufikia kiwango, na kwa kila siku nimeandika nilichokiona na nilichokifanya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa mtambo wa majitaka,
Tabata, Dar es Salaam.