Msiwaandikishe mwaka huu

Kirumba, Mwanza

Mama Kulwa mpenzi,

Salamu kwako na kwa shemeji. Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi, hasa pale uliposema Doto kapita intavyuu ya darasa la kwanza, Kulwa kashindwa, na sasa baba yao anamwita mzito. Shoga yangu, neno hilo likome. Mtoto analisikia.

Kulwa ana miaka 5 tu. Mimi nafundisha awali, na kila mwaka naliona hilohilo: wavulana wengi wa umri huo hawajawa tayari kukaa dawatini na kujaza ukurasa mzima wa herufi. Si wote, wapo wanaowapita wasichana. Lakini kwa wastani wasichana hutangulia kwenye kuzungumza na kwenye kazi za vidole. Hata mifupa ya kifundo cha mkono hukomaa mapema zaidi kwa msichana. Nina mmoja darasani, penseli anaikamata kwa ngumi nzima, anakandamiza mpaka ncha inakatika na daftari linatoboka, machozi yanamlengalenga. Jumamosi nikamkuta sokoni Mwaloni na bibi yake, anahesabu mafungu ya dagaa mpaka 20 bila kukosea. Huyo ni mzito?

Sisi wenyewe tuliandikishwaje? Tuliambiwa tupitishe mkono juu ya kichwa tushike sikio la upande wa pili, na wengi tulikuwa na miaka 7 au 8. Ufini mpaka leo darasa la kwanza ni miaka 7. Hata sera yetu ya elimu, Toleo la 2023, imeweka miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Hiyo shule inayochukua watoto wa miaka 5 haraka yake ni ya nini?

Sisemi Kulwa akae nyumbani azurure ziwani, na kichocho kilivyo huko. Abaki awali: hadithi, nyimbo, kufinyanga udongo, kukata kwa mkasi, kupanga visoda. Mkono wa kuandika unaandaliwa hapo.

Kuhusu Doto nimewaza sana. Akitangulia yeye, Kulwa atakuwa nyuma ya pacha wake miaka yote ya shule, na kila mwalimu mpya atauliza kwa nini. Kwa kweli inaniuma hata kuliandika. Mimi ningewaacha wote wawili. Doto keshajua kusoma, mtafutieni vitabu vya hadithi asome hadi achoke; hatapoteza kitu. Tena hataamshwa saa kumi na moja alfajiri kusubiri basi la shule.

Kama ada hamjalipa, msilipe kwanza. Jumapili baada ya ibada nakuja Nyegezi kuzungumza na shemeji mwenyewe, mwambie asitoke. Usihangaike na mboga, nitapitia sato hapa Mwaloni.

Wako akupendaye,
Mama Neema