Kuhusu ile kadi ya dola 895

Shoga yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa jikoni naosha vyombo, nikaona mambo ya hesabu hayajibiki kwa sauti. Bora nikuandikie, uyasome ukiwa umetulia.

Umeniuliza kama uchukue American Express Platinum, ile kadi ya mkopo waliyokutumia barua yake. Jibu langu ni usichukue. Siyo kwamba ni kadi mbaya. Imetengenezewa mtu mwenye maisha mengine kabisa, na ukiichukua wewe utakuwa unamchangia huyo mtu starehe zake.

Ada yake ni dola 895 kwa mwaka. Ilikuwa 695 mpaka walipoipandisha mwaka 2025. Wanasema marupurupu yake yanaizidi ada hiyo mara kadhaa, na kwenye karatasi ni kweli. Ila yamekatwakatwa vipande. Za teksi za Uber wanakupa dola 15 kila mwezi, mwezi ukiisha hujazitumia zimekwenda. Duka la nguo za mazoezi la Lululemon dola 75 kila miezi mitatu. Migahawa iliyo kwenye orodha ya Resy, ile programu ya kuwekea nafasi mezani, dola 100 kila miezi mitatu. Hoteli dola 300 kila nusu mwaka, tena ziwe hoteli walizozichagua wao na ulipie mapema kupitia kwao. Sasa shoga, gari unalo. Hizo suruali za kubana za dola mia na kitu utamvalia nani, wagonjwa? Ukienda nyumbani unalala kwa mama Tanga, na mama mwenyewe akisikia neno hoteli atanuna wiki nzima. Hata hiyo Uber haifanyi kazi nje ya Marekani. Kuna dola 200 za ndege pia, lakini hizo si za tiketi, ni za vijiada kama vya mabegi, kwenye shirika moja la Kimarekani utakalolichagua. Wewe unapanda Qatar.

Kinachobaki ni Disney+ ya katuni za watoto, ambayo pamoja na huduma nyingine za namna hiyo wanakurudishia hadi dola 25 kwa mwezi, na uanachama wa Walmart+, ule wa kuletewa vitu vya dukani nyumbani, kama unaulipia. Mimi nahesabu kile tu nilichokuwa nakilipia kabla kadi haijaja. Kinachonituma dukani kununua nisichokihitaji sikiiti punguzo.

Najua, kilichokuteka ni launji, vile vyumba vya kupumzikia na kula vya uwanja wa ndege. Ile yao ya Centurion ya pale Houston, Terminal D, siwezi kuisema vibaya. Lakini tangu Februari 2023 kadi inakuingiza wewe peke yako. Mtu mzima unayeongozana naye ni dola 50, mtoto wa miaka 2 hadi 17 ni dola 30. Shemeji na watoto wawili ni dola 110 pale mlangoni, au uwaache nje na mabegi wewe ukaingie kula. Wageni hawalipiwi endapo umetumia dola 75,000 kwa kadi hiyo ndani ya mwaka. Ungekuwa nazo hizo usingeniuliza mimi.

Halafu hili ndilo ninalotaka ulifikirie zaidi ya yote: hela yako inapita wapi? Kodi ya nyumba, mwenye nyumba hataki kadi. Mchezo wa akina mama unatuma kwa Zelle, moja kwa moja kutoka benki. Michango ya misiba na harusi, Zelle vilevile. Ya mama inakwenda kwenye simu yake. Kote huko kadi haigusi. Chakula cha wiki inagusa, lakini Platinum inakupa pointi moja tu ya zawadi kwa kila dola dukani. Inapomwaga pointi tano kwa dola ni kwenye tiketi za ndege, na ninyi tiketi za Dar hamnunui kila mwaka. Mkishafika ndiyo kabisa. Kuanzia bodaboda hadi duka la khanga ni lipa namba au taslimu. Kadi ya chuma utaishia kuwaonyesha wapwa.

Na kwa kuwa nakujua, usije ukasema basi ya mama nitaituma kwa kadi nipate pointi. Zile programu za kutuma hela zinakubali kadi ya mkopo, hapo ndipo wengi wanaponasa. Mara nyingi benki inahesabu kwamba umetoa fedha taslimu: inakukata ada, kawaida asilimia 5 au dola 10, yoyote iliyo kubwa zaidi, na riba inaanza kuhesabiwa siku ileile bila kungoja mwisho wa mwezi. Pointi huoni. Ukimtumia mama dola 200, dola 10 zimeliwa kabla hajasikia simu ikilia, na hapo bado ada ya programu yenyewe. Tuma kutoka akaunti ya benki, kama ulivyozoea.

Ukitaka kadi ya safari, itazame Capital One Venture X. Ada ni 395. Kila mwaka wanakupa dola 300 za safari, na kuanzia mwaka wa pili maili 10,000 (ndizo pointi zao), yaani dola 100 nyingine za safari. Kwa mtu anayenunua tiketi kweli, ada inakuwa imejirudisha. Launji unaingia, ingawa tangu Februari 2026 wageni unawalipia huku nako. Ndege ikichelewa saa sita au zaidi, bima yake inalipa hadi dola 500 kwa tiketi kwa ajili ya chakula na pa kulala, mradi uliilipia kwa kadi hiyo. Kwa mwenye watoto na tiketi ya kuunganisha Doha, mimi naona hilo linazidi launji zote.

Kasoro yake ni kwamba zile dola 300 lazima ununue kupitia tovuti yao. Yule wakala wetu anayekubali tumlipe kidogo kidogo hahesabiki, na tarehe ikibadilika shirika la ndege litakurudisha kwa Capital One.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama safari ya Desemba ipo na hela ya tiketi nne mnayo tayari, omba Venture X kabla hamjanunua. Zawadi yao ya kukaribisha kwa kawaida ni maili 75,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, na tiketi hizo zitavuka hapo zenyewe. Bili ikija, lipa yote. Riba za kadi hapa zinapita asilimia 20 kwa mwaka, ukibakiza deni maili zote zinakwenda na maji. Kama hela ya tiketi bado mnaitafuta, chukua kadi ya Quicksilver, ya Capital One haohao. Haina ada ya mwaka, na ukiitumia nje ya nchi hawakukati ile asilimia 3 wanayokata wengine. Launji haina, mtakula sambusa zako mlangoni pa ndege kama siku zote.

Shemeji muulize kuhusu Desemba kabla ya Ijumaa, maana wakala ameniambia bei zinapanda. Na ukimpigia mama, mwambie mbaazi zake zilifika.

Shoga yako